Kumfuata Sharifo Hadi Mwisho

Mkwe mwenzangu Sharifo hajui kuomba. Akitaka kitu hutangaza kwamba ni chake, kisha hukaa kitako kusubiri nani atathubutu kubisha. Alikuwa hivyo tulipokuwa wasichana wa bweni hapa Garissa, na alikuwa hivyo hivyo Alhamisi iliyopita alipoingia sebuleni mwangu mtaa wa Waberi. Hata maji sijamletea. Alijitupa kwenye kiti cha mume wangu, akajipangusa vumbi la njia ya Modogashe kwa ncha ya shela, akasema:

"Mama Sabrin, mimi nachukua mtoto na mama yake. Abdilatif akiwatoa hosbitali, tunabanda gari moja kwa moja. Arobaini watakaa kwangu Hadado."

P ya Sharifo ni b na v yake ni f tangu shuleni, na mimi niliyefundisha Kiswahili hadi nikastaafu nimekwisha kunawa mikono. Lakini siku hiyo matamshi hayakuwa tatizo. Mume wangu Isacko, aliyekuwa amesimama kwa sababu kiti chake kimekaliwa, alinitazama usoni. Anazijua hasira zangu. Alilisogeza birika la chai mbali na mkono wangu.

Sabrin ni binti yangu, na sina mwingine. Abdilatif ni kitinda mimba wa Sharifo. Walioana bila kutuuliza, maana walijua wakituuliza tutakataa, na hilo ndilo jambo la mwisho mimi na Sharifo tulilowahi kukubaliana. Wakaenda kuishi Hadado, huko Wajir, na binti yangu nikawa namwona kwenye simu tu, tena mtandao ukipenda. Ujauzito ulipokomaa akaletwa Garissa kwa ajili ya madaktari. Akajifungua salama, msichana. Abdilatif akarudi mbio kumchukua mama yake, akamshusha mlangoni kwangu, akanisalimu kwa honi, akageuza gari kwenda hospitali. Jioni hiyo Sabrin alikuwa aruhusiwe kutoka.

Sasa, mwanamke aliyejifungua kwa mara ya kwanza hurudi kwa mama yake. Anakaa ndani arobaini yake, anaoshwa, anakandwa, anakunywa supu na maziwa yenye samli, hagusi kazi. Ni hivyo kwetu Waborana na ni hivyo kwao Wasomali, na Sharifo anajua.

"Kwa mila ipi?" nikamuuliza.

"Mtoto ni ya nani? Ni ya Abdilatif. Abdilatif ni ya nani?" Akajigonga kifua. "Garissa joto sana. Maziwa yenu nusu ni maji. Kule kwangu ngamia iko mlangoni. Mtoto atasikia ayeeyo yake akimwimbia kila siku."

Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali. Kwetu bibi ni akko. Nilikuwa nimekwisha kupanga mjukuu wangu atasikia neno lipi kwanza, na halikuwa hilo.

Lakini acha hayo ya neno. Nilipomzaa Sabrin nilikuwa mwalimu mpya, nimepelekwa shule ya mbali ambako simjui mtu. Mama yangu alikuwa na mifugo ng'ambo ya Wajir, mvua ikakata njia, hakufika. Arobaini yangu niliimaliza na chupa ya chai na mwenye nyumba aliyekuwa akibisha dirishani kuuliza kama bado ni mzima. Nililia mpaka maziwa yakakataa kutoka. Niliapa kwamba binti yangu akizaa, nitakuwepo mchana na usiku, na atakayenizuia tutaonana. Kwa hiyo Sharifo alipotaja Hadado, sikusikia jina la mji. Nilisikia mtu anaufunga mlango nikiwa nje.

Tukagombana vizuri. Nilimwita Mama Abdilatif mpaka adabu ikaisha, nikaanza kumwita Sharifo. Yeye aliniita abaayo, yaani dada, na kila abaayo ilikuwa na mwiba ndani. Isacko alijaribu kusema "polepole" tukamgeukia wote wawili.

Ndipo akaingia Maryan, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na bakuli la buni za kutupongeza. Kwa asiyezijua, hizo ni kahawa nzima na maganda yake, zinakaangwa kwenye samli na kutafunwa kwa furaha. Maryan alikuwa amezisikia sauti zetu tangu jikoni kwake na alichagua saa yake.

"Wallahi, mtaa mzima wanasikia," alisema huku akikaa. "Mwanaume mwenye mke anasema nini?"

Mwanaume mwenye mke alikuwa amepiga simu punde. Alisema, "Mama, jioni tunatoka. Ya arobaini mpange nyinyi wenyewe. Mimi siingilii, nawaogopa wote." Nilimdharau na kumwelewa kwa wakati mmoja.

"Huyu mwanamke," nikamwambia Maryan, "tangu shule anapata vitu kwa kututisha. Hana kitu mkononi, anatisha tu. Hata karata alikuwa akicheza hivyo hivyo!"

Sharifo akaufungua mkoba wake, akatoa vidonge vya presha, akatoa tende, kisha akatoa pakiti ya karata iliyochakaa pembe.

"Jioni nacheza beke yangu," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Karata tatu. Unakumbuka, Madina, ama umeogoba bado?"

Nilikumbuka. Bwenini tulikuwa na mchezo tuliofundishwa na binti mmoja wa kutoka bara. Kila mtu karata tatu. Tatu za aina moja hushinda jozi, jozi hushinda zisizofanana, na kama hakuna jozi, karata kubwa hushinda. Zamu ni tatu za kuweka. Mwenzako akiongeza, ama utupe karata zako aondoke na vyote vilivyo katikati, ama umfuate kwa kuweka kiasi kile kile, au zote ulizobaki nazo kama hazifiki. Ukimfuata mpaka zamu ya tatu unasema "funua", naye lazima afunue. Tulichezea maharagwe ya githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe wa shuleni. Kila mtu alichambua yake sahanini, na aliyeshindwa alikula mahindi matupu.

Sharifo aliongeza kila mara. Kila mara! Na mimi, mtoto wa watu nisiyetaka makuu, nilitupa. Sekondari yote nilikula mahindi matupu. Yeye alimaliza shule ana mashavu.

"Gawanya buni," nikamwambia Maryan.

Isacko aliziona karata mezani akashtuka. "Madina, hiyo ni kamari."

"Hakuna shilingi hapa."

"Mnachezea mtoto. Mtoto si zaidi ya shilingi?"

Nilimwambia anachelewa Alasiri. Akaichukua kofia yake akaenda msikitini, na kwa hatua alizokwenda nazo nadhani alikuwa anatuombea sote njiani.

Maryan alizigawa konzi kwa konzi. Atakayezimaliza buni za mwenzake ndiye atakayekaa na Sabrin arobaini. Alijiteua mwamuzi, akachanganya karata, akasema Bismillahi kisha akajiuliza kwa sauti kama hapo Bismillahi inafaa.

Sasa nieleze nilivyowaza, maana sikukaa pale kama mjinga. Miaka hii yote nilikuwa nimejiuliza kosa langu lilikuwa nini. Jibu lilinijia nikisahihisha mitihani siku moja. Pakiti ni ile ile moja ya karata hamsini na mbili kwa kila mtu. Mungu hampi Sharifo karata nzuri zaidi yangu. Basi mtu anayeongeza kila mara, mara nyingi hana kitu. Kumshinda hakuhitaji karata kubwa, kunahitaji tumbo gumu. Umfuate tu. Umfuate hadi mwisho, umwambie funua.

Mkono wa kwanza nilipata kumi mbili na kingi wa kopa. Jozi! Sharifo akaongeza. Nikafuata. Akaongeza tena, akinisimulia maziwa ya Hadado yanavyotoa povu. Nikafuata. Akaongeza mara ya tatu. Nikatafuna buni moja kwa madaha, nikafuata, nikasema, "Funua."

Akaweka malkia mmoja. Akaweka malkia wa pili. Wa tatu alimweka polepole, akimlainisha kwa kiganja mezani.

"Masha Allah," alisema Maryan.

Nilitazama rundo langu la buni likivuka meza. Tumbo gumu nilikuwa nalo, lakini sasa lilikuwa linauma.

Mkono wa pili nilipata nane mbili. Jozi tena, lakini ndogo. Sharifo akaongeza, akaongeza, na safari hii pia alikuwa kwenye maziwa na povu lake. Niliwaona wale malkia watatu kila nikifumba macho. Zamu ya tatu ilipofika nikatupa.

Hakuwa na wajibu wa kunionyesha chochote. Alinionyesha makusudi: mbili, tano, na jeki, hakuna iliyofanana na mwenzake.

"Hakuna kitu habo!" alipiga kelele, akacheka mpaka kiti cha Isacko kikalia. Maryan alicheka hadi buni ikampalia, ikabidi nimgonge mgongo, na sikumgonga kwa upole.

Hapo ndipo nilipoelewa shida ya mtu wa aina ile. Ukimfuata, anazo. Ukimtupia, hana. Si kwamba anakusoma moyoni, la. Ni kwamba haujali moyo wako hata kidogo, anasukuma tu, na wewe ndiye unayejikunja kila upande. Mdomo wake hausemi lolote. Alizungumzia povu akiwa na malkia watatu na alizungumzia povu akiwa na uchafu.

Halafu kukawa na jambo la buni kupungua. Niliangalia katikati ya meza nikaona rundo ni dogo kuliko nilivyokumbuka. Maryan alikuwa anatafuna.

"Mwamuzi, unakula mchezo!"

"Nakula kidogo tu, mama. Inasaidia kufikiri."

Sharifo naye alikuwa anatafuna zake alizoshinda. Nilisema buni iliyoliwa imetoka mchezoni, kwa hiyo ahesabiwe alizobaki nazo. Yeye akasema iliyo tumboni mwake bado ni yake, nani mwingine anaweza kuidai? Tulimgeukia mwamuzi. Mwamuzi, mdomo ukiwa umejaa, alimpa Sharifo haki.

Tukaendelea mikono kadhaa, huyu akipata kidogo, yule akipata kidogo. Jua lilishaanza kulegea uani na simu yangu ikatoa mlio: Abdilatif anasema wanamalizia dawa, watakuwa njiani. Nilikuwa nimebaki na buni chache mbele yangu. Sharifo alikuwa na kichuguu.

Maryan akagawa. Nikainua zangu. Tisa, tisa, na kingi wa shupaza.

Jozi ya tisa si karata ya kujivunia. Nikamtazama Sharifo, na macho yangu yakatua mgongoni mwa karata zake. Hapo niwaambie jambo ambalo watu wenye akili wangeliona mapema: usicheze karata kwa buni zilizokaangwa kwenye samli. Vidole vyetu vilikuwa vinang'aa. Karata zote zilikuwa na madoa, nyingine hapa, nyingine pale, na moja ya zile za Sharifo ilikuwa na doa kubwa la dole gumba, limekatwa katikati na mstari. Mstari ule ninao mimi kwenye dole gumba langu la kulia, wa kisu cha nyama. Na karata niliyoishika nikitafuna buni kwa madaha, mkono wa kwanza, ilikuwa kingi wa kopa.

Je, kuangalia ni wizi? Nililijadili haraka. Doa sikulitia makusudi. Macho nimepewa na Mungu. Na maharagwe yangu ya sekondari nani alinirudishia?

Kwa hiyo Sharifo ana kingi. Haya. Makingi ni wanne: mmoja ninaye, mmoja anaye, wawili wako kwingine. Ili anishinde, ama awe amepata mmoja wa hao wawili, ama zile karata zake nyingine mbili ziwe jozi kubwa kuliko tisa zangu. Inawezekana. Lakini mara nyingi haiwi.

Akaongeza. Nikafuata. Akaongeza. Nikafuata. Mbele yangu zikabaki buni za kujaza kiganja tu.

Zamu ya tatu, Sharifo alikisukuma kichuguu chote kwa mikono miwili. Halafu hakutosheka.

"Na naongeza," alisema. "Mtoto ya bili bia. Akizaliwa, arobaini yake ni Hadado."

"Huwezi kuongeza mtoto ambaye hajazaliwa!"

"Na ya tatu. Na yote atakayezaa. Ukifuata, ukishindwa, wote wangu. Ukitaka, tuba karata yako, buni yako kidogo ibaki nayo, tuendelee bole bole."

"Nyinyi," alisema Maryan, "Sabrin mmemuuliza kama atazaa tena? Sasa hivi hata kukaa hawezi vizuri."

Nilikuwa nimeshika tisa zangu mbili na dunia nzima imekaa juu yake. Nikitupa, nabaki na kile kiganja, nabaki na tumaini dogo, na labda mkono ujao utakuwa mzuri. Nikifuata na nikakosea, nimempoteza Sabrin leo na kila mara atakaponihitaji zaidi. Maji yalinifika shingoni. Roho ilikuwa inaniambia tupa, Madina, tupa, uko salama ukitupa. Nilikuwa naijua sauti hiyo. Ndiyo iliyonilisha mahindi matupu.

Sharifo alikuwa anazungumza. Povu, ngamia, hewa safi. Sikusikiliza. Mdomo nilishaamua si shahidi. Nilijiuliza swali moja tu: katika mara kumi ambazo mwanamke huyu amesukuma hivi, mara ngapi alikuwa na kitu? Na jibu halikubadilika kwa sababu safari hii ameweka wajukuu.

Nikapiga moyo konde. Nikakisukuma kiganja changu cha buni.

"Nafuata. Na watoto wote. Funua."

Sharifo aliacha kuzungumza. Aliweka kingi wa kopa. Aliweka saba. Alikaa na ile ya mwisho kidogo, akaiweka. Ilikuwa tatu.

Niliweka tisa yangu, na tisa yangu, na sikumbuki vizuri kilichofuata. Maryan anasema nilisimama juu ya zulia nikapiga vigelegele. Anasema nilicheza. Isacko alirudi kutoka msikitini akanikuta mikono hewani inang'aa samli, akasema "Astaghfirullah" mlangoni, lakini akaketi haraka kwenye stuli ili asikose kitakachofuata.

"Sabrin anakaa hapa!" nikamwambia. "Huyu, na wa pili, na wote!"

"Wa pili yupi?" aliuliza Isacko.

Ndipo nilipogundua Sharifo hajasema kitu. Ningetegemea makelele, ningetegemea aseme mwamuzi ameiba. Alikuwa anazikusanya karata moja moja, anazifuta samli kwa shela yake, anazirudisha kwenye pakiti. Mabega yake yalishuka. Halafu machozi yakaanza kumtoka.

"Sawa," alisema. "Ni haki yako. Mama ya msichana ndio anakaa na yeye, hata mimi najua." Alifuta pua. "Nilikuwa nataka kusikia mtoto analia kwa nyumba. Bwana yangu Warfa ameenda kwa Mungu, fijana wangu wengine wameenda kutafuta kazi, Abdilatif ana nyumba yake. Sijawahi kuzaa msichana, abaayo. Hakuna mtu atakuja kwangu arobaini, hata siku moja. Nimebika samli tangu mimba iko miezi minne. Nimebika, naweka. Kwa nyumba ni mimi na bisad yangu, basi."

Bisad ni paka. Hata paka alimtaja.

Nikamtazama Maryan. Maryan akatazama bakuli. Nami nikakaa pale na ushindi wangu, nikimwangalia mwanamke yule yule aliyesukuma kichuguu kizima juu ya saba na tatu, na nikajiuliza swali lile lile. Ana kitu, au hana? Mtu anayeweza kuongeza wajukuu wasiokuwepo bila kupepesa jicho, atashindwa vipi kutoa machozi mawili? Nilikuwa nimejifunza kazi sasa. Ningekaa kimya tu, nimfuate, nimwangalie mpaka yakauke au yazidi. Hayo machozi yangefunuka yenyewe.

Lakini chupa ya chai ilinijia machoni. Ile ya arobaini yangu, nyekundu, na mfuniko wake uliopasuka. Nyumba iliyo kimya naijua. Niliijua na mtoto mikononi, na ilinishinda. Sharifo alikuwa nayo bila mtoto, kila jioni, na karata za kucheza peke yake. Hasira zangu zilianza kunitoka na nikaudhika kwamba zinanitoka, maana nilikuwa bado nazihitaji.

"Kaa hapa na sisi," mdomo wangu ukasema. "Arobaini yote. Tutamlea pamoja."

Isacko alikohoa kikohozi kirefu.

Machozi ya Sharifo yalikatika pale pale. "Nitalala chumba gani?" aliuliza.

Kabla sijajibu, honi ililia nje. Tukatoka wote. Abdilatif alikuwa anamsaidia Sabrin kushuka, kidogo kidogo, na mtoto akiwa amefungwa kwenye shuka jeupe mpaka pua tu ndiyo inaonekana. Nilimkumbatia binti yangu, nikamnusa kichwani, nikalia kidogo bila aibu. Nilipoinua macho, Abdilatif alikuwa nyuma ya gari anashusha mizigo.

Alishusha godoro. Alishusha sanduku la bati. Alishusha mtungi wa samli, mkubwa, na mkeka, na birika, na chetezo cha kufukizia ubani. Mwisho alishusha katoni iliyotobolewa matundu, na ndani ya katoni kukatoka sauti ya paka aliyechoshwa na safari.

"Abdilatif," nilisema. "Vitu hivi umevipakia wapi?"

"Hadado, mama." Alinitazama kwa wasiwasi. "Mama alisema anakuja kukaa kwako arobaini. Amefunga nyumba kabisa. Mbuzi amempatia jirani." Akamgeukia mama yake, kisha mimi. "Kwani hamkuongea?"

Nikageuka polepole. Hakuwa na nia ya kumpeleka mtu Hadado. Hakuwahi kuwa nayo hata dakika moja. Alikuwa amefunga mlango wake, amepakia godoro lake na paka wake, amesafiri siku nzima kuja kwenye nyumba ambayo hakualikwa, na akaingia akidai kila kitu kwa sababu hakujua namna ya kusema anachotaka. Mikono yote ile, buni zote zile, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

Na safari hii alijua kwamba nimeona. Alisimama karibu na katoni, mkono mmoja juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe wasichana nilimwona Sharifo anaogopa. Neno moja kwa mwanawe lingetosha kumuumbua. Nililiandaa. Lilikuwa zuri, limenona, nililisubiri tangu sekondari.

"Mama?" Sabrin alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini? Mbona mnanuka samli? Mama Abdilatif anakaa?"

"Anakaa," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Alitaka kurudi leo leo, nikamkatalia."

Maryan alifungua mdomo. Nilimkanyaga kidole.

Sharifo alinitazama. Halafu mabega yakainuka, kidevu kikainuka, na nikaona anajiandaa kuongeza.

"Alinibembeleza sana, wallahi," alimwambia Sabrin. "Alishika mbaka miguu yangu."

Sabrin alinigeukia, macho yamemtoka. "Wewe, mama? Ulimbembeleza?"

"Sana," nikasema, nikainama nikachukua katoni ya paka.